Dumu la Njano la Baba

Nyumba ya Wafanyakazi, Hotelini
4 Machi

Wifi,

Nakusalimu, na naomba salamu zangu zimfikie Baba kabla hujaendelea kusoma. Mimi mzima, ila mikono imechubuka kwa sabuni. Nimeamua kuandika kwa sababu juzi nilipopiga simu ulisema mtandao haushiki, na mimi kupitia mtandao huohuo nilikuwa nasikia mpaka kuku wa jirani. Karatasi haina cha kukatika.

Niende moja kwa moja. Mama Redio amenipa habari. Wewe na mimi tunajua jirani yetu yule hakupewa jina hilo bure, lakini sijawahi kumkamata na habari isiyo na hata chembe ya ukweli. Anasema umechimba shimo nyuma ya jiko, palepale Mama alipokuwa anaanika nguo, shimo la kumfika mtu kiunoni. Anasema ukitoka sokoni unapitia saluni na kurudi na mfuko wa nywele. Nywele za watu, wifi yangu. Unazimwaga shimoni, unafunika turubai, unaweka mawe juu, na ukiulizwa unacheka na kuuliza habari za watoto.

Mimi nafua mashuka ya wageni mwaka wa ngapi sasa. Nikilishika shuka najua nani kalala na viatu, nani kalia usiku kucha, nani kaandika mapokezi kwamba yuko peke yake na hakuwa peke yake. Kwa hiyo usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mdogo wangu yuko barabarani na lori lake, haonekani nyumbani ila kupita. Baba ni mzee. Mama hayupo tena wa kuchungulia dirishani. Umebaki wewe na ile nyumba, na mimi nataka kujua unazika nini katika uwanja wa baba yetu.

Wifi yako,
Dada Mkubwa


Nyumbani
11 Machi

Shikamoo Dada,

Barua imefika, na Baba amepata salamu zake kabla sijaugusa mstari wa pili, kama ulivyoagiza.

Ninachozika ni maganda. Maganda ya ndizi, mabaki ya mboga, majani makavu, mavi ya kuku, na ndiyo, nywele za saluni. Natengeneza mbolea. Ule uwanja unaoujua ni kifusi kitupu. Mafundi walipomaliza kujenga jiko walifukia humo saruji na vipande vya matofali, wakasawazisha juu wakaenda zao. Mara ya kwanza nilipopanda mchicha uliota wa manjano, umenyong'onyea kama una homa. Nikajifanya mjuaji, nikaenda kuomba mavi ya kuku, nikayamwaga kwenye miche yakiwa mabichi. Haikupita siku nyingi miche yote ikaungua kana kwamba nimeimwagia maji ya chai. Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni nikalia, na Baba akanicheka.

Sasa najua. Samadi mbichi ina moto, lazima ioze kwanza. Unapanga tabaka la vitu vibichi, juu yake tabaka la makavu, unanyunyiza maji, unageuza mara kwa mara, mpaka ukishika mkononi usikie harufu ya udongo ulionyeshewa na si kitu kingine. Turubai ni ya kuzuia mvua isioshe utamu wote. Mawe ni kwa ajili ya paka wa Mama Redio, na unaweza kumwambia hivyo. Nywele huoza taratibu, zinalisha ardhi muda mrefu. Maganda ya mayai nayasaga yawe unga kwa ajili ya nyanya, maana zilikuwa zinaingia weusi kitakoni. Majivu ya jikoni natia kidogo tu, kwa nyanya na pilipili zinapoanza maua. Mtu akinunua mbolea ya mfukoni anamwaga kote sawasawa, lakini hii ya nyumbani inabidi uchague, kila mmea na mlo wake. Mchicha, kwa mfano, unataka kitu cha kukuza majani, na hapo nina njia yangu ambayo si ya kuandikwa kwenye barua.

Baba hajambo.

Wifi yako


Nyumbani
15 Machi

Binti yangu,

Natumaini mashuka hayajakumaliza. Mimi nipo. Saa bado naletewa, ingawa siku hizi watu wanataka kubadilishiwa betri tu. Skrubu nazo zimekuwa ndogo kuliko za zamani, nadhani viwanda vimeingia ubahili. Kama mistari yangu inapanda kilima, nisamehe, ni hii taa.

Sina malalamiko. Ila wifi yako amegeuka askari. Chai naletewa haina sukari. Nikiuliza, naambiwa sukari inaharibu meno, na meno yenyewe yaliyobaki hayafai hata kuharibiwa. Mkate kipande kimoja. Soda nimeisahau rangi yake. Asubuhi ananipa kidonge, ananisimamia mpaka nimeze, halafu ananiambia nifungue mdomo aone. Mimi, niliyemlea mume wake nikampeleka shule.

Halafu kuna jambo la dumu. Aliweka dumu la njano chooni, akaniomba kwa heshima zote niwe nakojoa humo asubuhi. Anachanganya na maji mengi, anamwagia mchicha kwenye shina. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Lakini sitakuficha, mchicha una majani kama sahani. Mwanzoni alikuwa anachukua wa kila mtu aliyemo ndani. Sasa anataka wangu tu. Analipeleka nje, anamwaga tone kwenye jiwe la ngazi, anakaa anatazama. Akimaliza kutazama uso wake unabadilika, na siku hiyo chai inakuwa kali zaidi.

Kuna mengine nilimwapisha asikuambie, na mimi mwenyewe sikuambii, kwa hiyo usiulize. Una kazi yako nzuri. Uliiacha mara moja ukaja kumuuguza mama yako mpaka mwisho, na ukaanza upya kabisa. Inatosha.

Usimwambie kwamba nimekuandikia.

Baba yako


Nyumba ya Wafanyakazi, Hotelini
21 Machi

Wifi,

Ukurasa mzima wa mavi ya kuku, halafu Baba maneno mawili: Baba hajambo. Nilipofika hapo nikairudia barua yako toka juu. Anayejieleza sana kuhusu maganda ana kitu chini ya maganda.

Na nimekipata. Usiulize nani kaniambia, nyumba ile ina madirisha. Unachukua mkojo wa baba yangu. Unaukinga kwenye dumu, unaumwaga juu ya jiwe, unaukodolea macho, kisha unakwenda kwenye shimo lenye nywele za watu. Wewe unaita mbolea. Mimi nimezaliwa jana? Kama ni mbolea, mbona wako hauna kazi? Mchicha unachagua?

Na chai. Baba yangu amekunywa chai ya sukari tangu mimi sijazaliwa. Sasa anywe kavu, ale kwa kupimiwa, na vidonge visivyo na jina asubuhi. Ukimdhoofisha mzee polepole, hakuna wa kuuliza, kila mtu atasema ni uzee. Na mzee akiondoka ile nyumba itabaki kwa nani, kama si kwa aliyekuwa anaishi humo?

Naomba jibu, na safari hii usinifundishe kilimo.

Dada Mkubwa


Nyumba ya Wafanyakazi, Hotelini
21 Machi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mpokee dereva wa basi vizuri, kifurushi hiki nimemkabidhi mkononi. Kuna sukari, kuna asali safi ya mpishi wetu, biskuti za siagi, na zile peremende zako za tangawizi. Ficha chini ya kitanda kwenye sanduku la zana za saa, yeye hana shida na bisibisi. Kunywa chai yako kama mwanaume mwenye nyumba yake.

Baba, nisikilize. Usipokee kitu mkononi mwake. Vidonge hivyo usimeze mpaka nije niviangalie kwa macho yangu. Dumu limwage. Sitaki kukutisha, lakini sipendi harufu ya jambo hili.

Ulichomwapisha sitauliza, ila fahamu kwamba mtu mwenye nia mbaya huanza kwa kukufanya uwe na siri naye.

Binti yako


Nyumbani
27 Machi

Binti yangu,

Mzigo umefika na chai sasa ni chai. Nilikunywa vikombe vitatu mfululizo nikamkumbuka mama yako. Mungu akuongezee.

Vidonge nimeacha. Nilisita kidogo, lakini nikasema binti yangu amekataza na yeye ndiye mkubwa wa nyumba baada yangu. Kidonge nakibana chini ya ulimi, nafungua mdomo, askari anaridhika, kisha natoka nje taratibu nakitema kwenye mchicha. Ukiona mchicha umepona maradhi yake usishangae. Dumu nalo nalijaza maji ya bomba, na yeye anatazama jiwe lake na kufurahi. Nimemchezea shere kabisa.

Usingizi ndio mwingi. Na kiu. Kiatu kile kipya kimenitoa lengelenge kwenye kidole, limepasuka, halijakauka vizuri. Kitu kidogo.

Baba yako


Nyumbani
30 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu barua tatu za mwanzo nilizichana. Sikupenda nilivyokuwa nasema ndani yake.

Sina hamu na nyumba. Nilikuja hapa nikiwa na sanduku moja na naweza kuondoka nalo. Lakini kuniambia kwamba namuua Baba polepole, hilo limeniingia na halitoki. Mimi ndiye ninayemkata kucha.

Mkojo ni mbolea. Waulize wakulima hata hapo mlipo. Unachanganywa na maji mengi, haugusi majani, na mboga za majani hazijui chakula kingine kitamu kama hicho. Ulianza hivyo, na haukuwa na jambo lolote ndani yake. Kwa nini sasa nachukua wa Baba tu, muulize Baba. Nimekula kiapo kwake, na nikikivunja hataniamini tena, na asiponiamini hakuna mtu mwingine humu ndani atakayemwambia afungue mdomo. Njoo, Dada. Omba ruhusa hata ya siku chache, njoo ukae naye uso kwa uso umbane mpaka aseme. Ndiyo njia pekee ninayoiona.

Tena njoo upesi, maana kuna kitu hakinikai sawa. Jiwe langu lina habari njema kila asubuhi, ila mtu mwenyewe hana habari njema. Hataki kula na mimi tena. Analala mchana kutwa. Anaficha mguu ndani ya soksi kwenye joto hili. Na chumbani kwake kuna mstari wa sisimizi unaotoka dirishani mpaka chini ya kitanda. Nilipoinama kuangalia alinifokea, na hajawahi kunifokea toka nimeolewa.

Wifi yako


Nyumba ya Wafanyakazi, Hotelini
5 Aprili

Wifi,

Nimesoma. Muulize Baba, nimekula kiapo, njoo upesi. Maneno matamu, lakini hakuna hata moja unaloweza kulishika. Na sasa sisimizi nao wameingia kwenye kesi.

Amekufokea kwa sababu ameanza kupata nguvu. Mwache alale, mwache avae soksi, na chini ya kitanda chake usiingize mkono, ni vitu vyake.

Nimemwandikia mdogo wangu kwenye ofisi ya malori kumweleza yote. Nimemwambia achague, akuondoe yeye au nije nikuondoe mimi. Ruhusa yangu ni mwisho wa mwezi. Nikifika turubai hilo nitalifunua mwenyewe.

Dada Mkubwa


Wodini, kitanda cha dirishani
9 Aprili

Dada,

Andika anwani hii ya hapa juu kwenye kifurushi ukituma kitu, maana tupo huku kwa muda. Baba alianguka juzi akienda chooni. Hakunijua. Aliniita kwa jina la mama yenu. Tulipofika hapa walimpima sukari, muuguzi akaangalia mashine, akaenda kuleta mashine nyingine.

Sasa navunja kiapo. Baba ana kisukari, ugonjwa uleule wa mama yenu. Mimi ndiye niliyeugundua, na bustani ndiyo iliyonionyesha. Kila asubuhi nilikuwa naweka madumu kwenye ngazi kabla ya kuchanganya, langu, la Baba, na la mume wangu akiwepo, na kila asubuhi sisimizi waliyapita yote wakaenda kwenye la Baba tu. Nilidhani ni rangi. Nikabadilisha madumu, wakalifuata lake. Nikampeleka hospitali kwa kumwambia twende kupima macho. Aliposikia majibu alinishika mkono hapohapo kwenye benchi akaniapisha. Alisema binti yake aliacha kazi kwa ajili ya mama, aliona mguu wa mama unakatwa kwa macho yake, hatapitishwa hapo mara ya pili. Nikakubali. Tukaanza chai kavu na vidonge. Tone la kwenye jiwe lilikuwa la kuangalia kama anaiba sukari. Daktari alinicheka, akasema njooni mpime kwa mashine, na tulikwenda, lakini mashine ni ya mwezi na jiwe ni la kila asubuhi.

Jana nilirudi kuchukua nguo zake. Nikavuta lile sanduku la zana. Biskuti zilikuwa zimefungwa kwenye karatasi yenye chapa ya hoteli yenu.

Mume wangu amefika na lori usiku wa jana. Barua yako alikuwa nayo mfukoni. Aliniuliza sukari imetoka wapi. Nilimwambia sijui.

Daktari anazungumzia mguu. Ukisoma hii, panda basi.

Wifi yako


Nyumbani
2 Mei

Wifi yangu,

Nimekaa kwenye ngazi ya jikoni, naandikia gotini. Pale wodini nilikunja na kukunjua shuka la Baba kana kwamba niko zamu, na wewe uliniacha nikunje. Mtu mwingine angenifukuza. Ulipoamua kubaki naye na kunituma mimi huku kumwagilia, nilidhani unaniadhibu. Labda ulikuwa unaniadhibu. Nastahili.

Nilifika nyumbani nikaenda moja kwa moja kwenye turubai. Naona aibu kusema, lakini hata baada ya yote bado kulikuwa na kipande cha moyo wangu kilichotaka kukuta kitu. Kitambaa, kijaluba cha dawa, chochote, ili niwe na haki hata ya punje. Nikatoa mawe, nikafunua, nikachimba kwa mikono mpaka chini. Ni udongo, wifi. Mweusi, laini, una nyungunyungu wanene. Hata zile nywele sikuziona tena. Nilikaa shimoni mle nikalia kwa sauti, na Mama Redio akapanda juu ya ndoo yake kuchungulia. Akaniuliza tumeficha nini humo. Nikamwambia bado kuna nafasi, akipenda. Akashuka.

Nimefuata maagizo yako. Mboji kwenye mchicha, unga wa maganda ya mayai kwenye nyanya, majivu kiganja kimoja kwa pilipili. Mwanzoni nilitaka kutia zaidi, nikakumbuka miche yako iliyoungua. Kwenye mchicha, upande wa ukuta, nimeokota vidonge viwili vyeupe ambavyo mvua haikuvimaliza. Nimeviweka juu ya meza yake ya saa, na akirudi hatavikosa.

Mdogo wangu alipita jana. Nilimkalisha hapa kwenye ngazi nikamwambia sukari ilitoka kwangu, na asali, na lile neno la kuacha vidonge, lote kwa mkono wangu. Nikamwambia aichome ile barua. Kisha akaniuliza, na Baba alijuaje pa kuficha, nikasema hilo pia nilimfundisha mimi. Amekwenda bila kula. Atarudi, lakini si leo, na sitamharakisha. Usiendelee kusema hujui kwa ajili yangu.

Umeniandikia kwamba vidole viwili vimekwenda na mguu umebaki. Nimeusoma mstari huo mpaka karatasi imelegea. Mwambie Baba kazini nimeomba likizo bila malipo na wamekubali, na asinifokee, maana safari hii hakuna aliyeniapisha.

Mtakaporudi wewe lala. Dumu la njano nimelisugua kwa mchanga na sabuni mpaka likang'aa, nimelirudisha chooni mahali pake. Nitalitoa mimi kila asubuhi, nitamwaga tone kwenye jiwe, na nitakaa hapa kusubiri nione sisimizi wanasemaje.

Wifi yako